Dinah Solomon Majaliwa: Miaka Arobaini na Sita Chini ya Somo Mmoja

Padri, wazee wetu, jamaa wa Barking, na nyinyi mliobadilisha treni mara mbili kutoka Kenton na Southall, ahsanteni kwa kuja. Mimi ni Tabitha, mdogo wa marehemu, tumbo moja. Kazi hii nimepewa kwa sababu Gervas, mume wake, kila akishika karatasi inaloa, na Benedikti, mtoto wao, Kiswahili anakisikia lakini hakisomi. Kwa hiyo mmenipata mie wa darasa la nane. Nitasema yaliyokuwa. Pale nitakapokuwa mkali mtanivumilia, maana aliyekuwa akinifinya paja ninyamaze ndiye huyu tunayemzika.

Marehemu Dinah alizaliwa Jumatatu tarehe 3 Machi 1947, Mkunazini, mjini Unguja, mtoto wa kwanza wa Mzee Solomon Majaliwa, karani wa bandarini, na Bibi Anjelina, mshonaji. Mimi nilikuja miaka minane baadaye. Kati yetu walikuja wawili, hawakukaa. Mama alikuwa akisimulia kwamba Dinah, akiwa na miaka saba, alitumwa chumvi dukani akarudi na chumvi yetu, mafuta ya taa ya jirani wa kulia, na mtoto wa jirani wa kushoto mgongoni. Mama akamuuliza, "Huyu nani kakutuma umchukue?" Akasema, "Hakuna. Alikuwa analia." Watu walikuwa wakicheka kwa hadithi hiyo. Mie sijawahi kuiona ya kuchekesha. Ndiko yalikoanzia.

Masomo ya msingi aliyapata Mkunazini hapo hapo, na Januari 1962 akachaguliwa kuingia Skuli ya Wasichana Bustanini, dahalia, skuli ya kulala, akiwa na miaka kumi na minne. Skuli ile ilifunguliwa mwaka 1912, kabla baba yetu hajazaliwa, na ilikuwa na mila zake nzito kuliko milango yake. Wasichana wa kidato cha nne peke yao ndio walioruhusiwa kukata ua, yaani kuvuka uwanja wa ndani katikati. Wengine wote walizunguka barazani, hata mvua ikinyesha ya mawe. Ngazi za kisimani walikaa wakubwa. Utepe mweupe walivaa wakubwa. Na kila msichana mgeni, Ijumaa ya kwanza ya mwaka, alisimamishwa uani na ndoo yake mkononi mpaka mmoja wa wakubwa aje amchukue. Aliyekuchukua ndiye somo wako. Unamtekea maji, unamfulia, unampigia pasi, unamletea chakula. Na yeye anakusahihishia hesabu, anakusemea kwa bibi mkuu wa dahalia, na ukiumwa ni lazima akae nawe, akufulie yeye nguo zako mpaka unyanyuke. Ndilo lililokuwa sharti.

Dinah alichukuliwa na msichana wa kidato cha tatu aitwaye Jokha binti Msabaha. Wa kidato cha tatu hakuwa na ruhusa ya kuchukua mdogo, ila Bi Jokha alikuwa wa kwanza darasani miaka miwili mfululizo na hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumkatalia. Bi Jokha yuko hapa leo. Amekaa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu, na ananiangalia hivi sasa kama nimekosea hesabu.

Sasa sikilizeni, maana bila ya jambo hili hamtamjua dada yangu. Skuli ile ilikuwa na siku moja ya kuwafungua wadogo. Wakubwa wakishamaliza kidato cha nne na kupata majibu ya mtihani, walirudi skuli Jumamosi moja ya Januari, wakanywa chai na walimu, kisha kila somo akammiminia maji mdogo wake mikononi mbele ya skuli nzima, akasema, "Nimekufungua. Kuanzia leo kata ua." Hapo basi, umekwisha kuwa mtu. Na mdogo hakuruhusiwa kuomba kufunguliwa. Akiomba, anaongezewa mwaka.

Jumamosi ya Dinah ilipangwa iwe tarehe 18 Januari 1964. Mapinduzi yalikuwa Jumapili, tarehe 12.

Siku zile sina haja ya kuwaeleza, kila mwenye umri wangu hapa ana zake. Baba yake Bi Jokha alichukuliwa nyumbani na hakurudi. Mwezi wa Machi, Bi Jokha na mama yake walivuka kwenda Mombasa na baadaye huku Uingereza. Skuli ilipofunguliwa tena, mwalimu mkuu mpya alisimama akatangaza kwamba mambo ya msichana kumtumikia msichana mwenzake yamekwisha, ni ya kizamani, ni ya mabwana. Nadhani alisema kweli. Lakini jambo likishapigwa marufuku haliwezi tena kumalizwa vizuri. Dada yangu alisoma Bustanini mpaka Desemba 1965, akafika kidato cha nne, akavaa utepe wake. Na kila siku alizunguka barazani. Wenzake wanamkumbuka. Ua mtupu, jua kali, mkubwa mzima anazunguka kando kando kama kuku aliyelowa.

Mimi nilikuwa naye nyumbani wakati wa likizo, nikimwona anasoma, nikasema na mie nitaingia kule. Mwaka 1970 nilimaliza darasa la nane. Jina langu halikutoka. Nitalirudia hilo, lina mahali pake.

Kazi. Marehemu alifundisha watoto wa darasa la pili mjini Unguja mwaka 1966 hadi 1969, akaenda Dar es Salaam, na Septemba 1972 akafika London kusomea uuguzi. Alifanya kazi katika wodi za wazee miaka kumi na moja, na kuanzia 1983 katika nyumba ya kulelea wazee hapa Barking, ambako alistaafu Machi 2007 akiwa msimamizi wa zamu. Mimi nilimfuata mwaka 1984, naye ndiye aliyenitafutia kazi niliyo nayo mpaka leo, ya kupika katika skuli ya watoto. Wazee wa nyumba ile walimpenda. Kulikuwa na mmoja, mwanamume wa Kiingereza aliyewahi kuwa mkubwa jeshini, asiyekubali kunyolewa ndevu na mtu mweusi. Dinah akamwachia wembe na kioo, akaenda zake. Siku ya nne mzee akamwita mwenyewe, uso umejaa plasta. Dinah akamnyoa, hakusema kitu. Mie ningesema.

Alimpataje tena somo wake? Hilo muulizeni Kalpana wa Kenton, yuko pale nyuma, alikuwa darasa moja na marehemu Bustanini. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 1974, Southall, wawili hao wamekwenda kutafuta bamia na mbaazi. Kalpana anasema walikuwa wameinama kwenye makreti, wakasikia sauti nyuma yao: "Dinah. Umechelewa."

Miaka kumi hawajaonana. Mapinduzi, bahari, nchi nyingine. Na hilo ndilo neno la kwanza.

"Na Dinah akasema nini?" nilimuuliza Kalpana.

"Akasema, 'Samahani somo.' Akampokea kikapu. Nikamwambia, we Dinah, una wazimu? Kikapu chako kiko chini, umekisahau! Nikakibeba mimi."

Tangu hapo kila Jumamosi saa nne asubuhi dada yangu alikuwa mlangoni kwa Bi Jokha, East Ham. Alifua. Alipiga pasi. Alinunua. Bi Jokha alikuwa karani mzima wa ofisi, ana mshahara, ana mashine ya kufulia! Mashine ile ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kudarizi na juu yake kumewekwa picha.

Dinah na Gervas Mkomwa, fundi wa rangi katika kiwanda cha magari Dagenham, walifunga ndoa Jumamosi tarehe 24 Julai 1976. Kabla ya hapo ilibidi bwana harusi apelekwe East Ham akaguliwe. Gervas mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Bi Jokha alimkalisha, akamwangalia viatu, akamuuliza, "Pasi unajua?"

"Najua, bibi."

"Vua shati."

Maskini akapiga pasi shati lake kifua wazi, mwezi wa pili, baridi ile. Bi Jokha akalishika kwenye ukosi, akaligeuza, akasema, "Mikono ya shati hajui. Lakini atafundishika. Mchukue." Gervas anasema mpaka leo ndio mtihani pekee aliowahi kufaulu. Walijaaliwa mtoto mmoja, Benedikti, aliyezaliwa mwaka 1979, na nyumba yao ilikuwa na amani, isipokuwa Jumamosi, na isipokuwa mimi nilipokuwapo.

Maana mie sikunyamaza. Simu ilikuwa ikilia saa kumi na mbili alfajiri, watu wamelala. "Dinah, nazi mbili, na usiniletee zile za mkebe." Nikimwangalia dada yangu anatafuta koti gizani, nikimwambia, "Da Dinah, yule mwanamke ana mikono miwili."

"Ni somo wangu."

"Somo wa mwaka gani? Skuli yenyewe imeshabadilishwa jina!"

"Hajanifungua, Tabitha."

"Basi mwambie akufungue!"

"Mdogo haombi."

"Una miaka hamsini na tisa! Mdogo wa nani?"

Akacheka, akaenda. Hivyo ndivyo alivyokuwa akinishinda, alikuwa anacheka na kwenda.

Ugonjwa wake ulianza Machi 2006. Aliona damu, akaenda kwa daktari, akaandikiwa kwenda kupimwa utumbo Jumatano tarehe 14 Juni. Jumatano hiyo hiyo Bi Jokha alikuwa na miadi ya mguu, kwa sababu sukari ilikuwa imeshamla vidole viwili. Dada yangu alikwenda na Bi Jokha. Kipimo chake yeye akakiahirisha kwa simu, kama mtu anayeahirisha kusukwa nywele. Tarehe nyingine aliyopewa ilikuwa ya Septemba. Mguu wa Bi Jokha ulikatwa hata hivyo, mwezi wa Novemba, na wakati huo Dinah alikuwa ameshaambiwa kwamba ana saratani. Daktari mmoja aliniambia miezi ile mitatu pengine isingebadilisha kitu. Pengine. Neno hilo nimelitafuna miaka miwili na bado halijalainika.

Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kwenye Jumamosi zake akiwa amefunga kitambaa kichwani. Agosti mwaka huu akaanguka jikoni kwangu. Tarehe 28 Septemba alilazwa na hakutoka tena.

Na Bi Jokha alikuwa hajui. Mnasikia? Miaka miwili dada yangu alimwambia amenyoa kwa sababu ya joto. Kwa sababu sharti la skuli ni kwamba mdogo akiumwa, somo anakaa naye na kumfulia, na Dinah aliona haya kumpa mwenye mguu mmoja kazi ya kufua.

Nilimpigia simu mimi. Sikumpigia kwa wema, nilimpigia nimtukane. Nilimwambia, "Bi Jokha, Jumamosi hakuna mtu. Mtu wako anakufa." Nikakata.

Kesho yake alikuwa wodini. Teksi ilimleta, na kesho kutwa yake, na siku zote zilizofuata. Siku ya tatu niliingia nikakuta sakafu imelowa, na Bi Jokha kwenye kiti chake mbele ya sinki, vazi la kulalia la Dinah mapajani, analikamua kwa mikono ile ya baridi yabisi.

"Bi Jokha, unafanya nini? Wauguzi watateleza!"

"Nafua."

"Hospitali wana nguo zao, wana mashine."

"Aliyekuwa ananifulia kaumwa," akasema. "Nipishe."

Nilimtoa nje, ukumbini, nikamuuliza lile nililokuwa nalo kooni miaka yote. "Maji ya bilauri moja tu. Neno moja tu. Kwa nini hukumfungua dada yangu?"

Alijifuta mikono mapajani. Kisha akasema, "Nikimfungua, atakuja kufanya nini kwangu?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Mwanamke ambaye baba yake alitoka nyumbani na askari hakurudi, mama amemzika peke yake huku, mtoto hakujaaliwa, ana mtu mmoja duniani anayegonga mlango wake, na anaogopa neno moja litamfukuza. Nilimwambia, "Angekuja." Akasema, "Wewe umejuaje?" Na kweli sikujua. Nikarudi ndani nimekasirika zaidi kuliko nilivyotoka, safari hii bila ya kujua nimkasirikie nani.

Usiku wa tarehe 7 Oktoba, Dinah alinishika mkono akasema, "Tabitha, nakukabidhi somo wangu."

"Mie? Mie sikusoma Bustanini."

"Ndiyo maana. Uingie."

Mimi nilikuwa nimengoja kuingia skuli ile tangu mwaka 1970. Ninapika katika skuli ya watoto wa watu miaka ishirini na minne. Nikamwambia dada yangu anayekufa, Mungu anisamehe, "Yaani nimengoja miaka yote hii, na nyinyi mnaniingiza kwa mlango wa jikoni?" Alicheka mpaka muuguzi akaja kumtazama. Nikasema siwezi. Nikasema Bi Jokha atafute watu wa halmashauri wamletee nazi. Dinah hakunibembeleza. Alisema tu, "Anapenda zile zenye maji," akafumba macho.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2008, saa tisa alasiri, akiwa na umri wa miaka sitini na moja. Gervas alikuwa upande mmoja, mimi upande wa pili. Bi Jokha alikuwa sinkini.

Jana kabla karatasi hii haijachapishwa tulikuwa na magomvi mawili, na nitawaambia yote mawili kwa sababu mlisikia makelele.

La kwanza ni la Bi Jokha. Aliniomba leo apewe maji amfungue Dinah mbele ya kaburi, kwa maneno yale yale ya skuli. Nimekataa. Nimemwambia hivi, na namwambia tena mbele yenu: Bi Jokha, ukimfungua leo, watu wataondoka hapa wakisema alikuwa amefungwa. Dada yangu alikuwa na mume, na kazi, na nyumba, na alikuwa hajui kuogopa. Alikuja kwako kwa miguu yake, kwa basi lake, miaka thelathini na minne ya Jumamosi. Mtu wa namna hiyo hafunguliwi. Umwache alivyo.

La pili ni la orodha ya waliobaki. Benedikti, kwa Kiingereza chake, alisema bibi yule si jamaa, asiandikwe, na akauliza kwani tukimwandika tutamwandika nani? Rafiki? Somo? Mchapaji ataelewa nini? Gervas alisema aniulize mimi. Kila mtu alikuwa ananiangalia mimi, kwa sababu kila mtu alijua nilishasema siwezi. Nilikaa na kalamu mpaka chai ikapoa. Nilitaka kumwacha nje. Nawaambieni ukweli, nilitaka sana.

Marehemu Dinah Solomon Majaliwa ameacha mume, Gervas Mkomwa, mtoto, Benedikti, mdogo wake, Tabitha, anayewasomea, na Jokha binti Msabaha, wa East Ham, ambaye kuanzia leo ni wangu.

Bi Jokha, usinitazame hivyo. Kesho ni Jumamosi. Nitakuja saa nne, na nitagonga mara moja tu. Simu ya alfajiri sipokei. Kile kitambaa kwenye mashine kiondoe, maana nguo zako itafua mashine. Mie nitakuja nikae, unisahihishie hesabu, uniambie ilikuwaje skuli ile, mlango kwa mlango, tangu Ijumaa ya kwanza.

Mungu amlaze Dinah pema, na huko aliko asitumwe na mtu.